Kumuaga Meneja

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Natumai barua hii inakukuta mzima huko kambini, kifua hakikusumbui, na macho unayalinda na ule moto wa kuchomelea mabomba. Mimi mwili haujambo. Hata mguu huu unaovimba nikisimama sana kwenye pasi leo umetulia. Kinachoumwa hapa ni akili, na aliyeiambukiza ni mbwa wako, Meneja.

Haya, ugomvi sasa. We mtoto we! Ulikuja kwangu na Meneja ukasema, "Dada, tutakaa siku mbili tatu tu, kuna mambo nayafuatilia." Nikakutandikia kochi. Asubuhi ile nikaingia kuoga, natoka na taulo kichwani, nakuta shuka limekunjwa vizuri, wewe umeshaingia mitini. Juu ya friji umeacha karatasi: umepata kazi ya mkataba, kambini simu haishiki, barua zinapelekwa na lori la vyakula, anwani hii hapa. Chini yake maagizo ya mbwa. "Anakula asubuhi na jioni. Ukitaka kutoka, mwekee chakula. Akiinamisha kichwa tu, toka kimyakimya. Hatajua."

Hatajua! Basi nimefuata maagizo yako neno kwa neno. Kila asubuhi naweka bakuli, naondoka kwa kunyata, viatu mkononi, utadhani mwizi, kwenye nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe. Nikifika ngazini kuna kimya. Halafu nasikia kucha kwenye mlango. Halafu ile sauti, Mungu wangu. Si kubweka. Analia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, anakata, anavuta pumzi, anaanza upya. Nimesimama kwenye ngazi zile na mkoba begani nikashindwa kwenda na nikashindwa kurudi.

Chini yangu anakaa nesi, yule anayefanya kazi wodini usiku na kulala mchana. Yaani, alikuwa analala mchana. Tulikutana mlangoni, macho yamemwiva, akaniambia, "Dada, usiku kucha nashika roho za watu. Sasa yangu ataishika nani?" Hakugomba. Ningepata nafuu kama angegomba.

Ijumaa akaja mwenye nyumba. Alipitisha kidole kwenye mikwaruzo ya mlango, kutoka juu mpaka chini. Akafuta kidole kwenye suruali. Akasema mwisho wa Aprili mbwa awe ametoka, la sivyo tutoke wote wawili.

Sina pa kwenda, unalijua hilo. Na huyu akitoka hapa hana wa kumchukua. Nimeuliza kazini, wamenicheka. Nani anataka mbwa mzee, mkubwa, wa kulia? Ataishia barabarani au atauawa. Niambie unamfanyaje. Wewe umemlea, mimi namjua kwa kumwona tu nikija kukutembelea.

Dada yako,
mwenye usingizi

*

Jumatano, 21 Februari

Dada yangu kipenzi,

Heshima zako. Na pole, pole tena, halafu pole nyingine ya akiba. Mguu vipi? Unaukanda na maji ya moto au unaujulia hali kwenye barua tu?

Mimi niko fiti. Vumbi tunakula bila chumvi. Mabomba ya huku ni makubwa, fundi mfupi anaingia ndani akasimama wima, na kwa kuwa mimi ndiye huyo fundi mfupi, basi wananituma mimi. Wamenibatiza Mrefu. Nikitoka humo ndani nimekuwa mweusi mpaka meno.

Kuhusu kuondoka kwangu, nisamehe bure. Ningekuaga ungelia, mimi ningelia, lori lingeniacha. Unanijua, kifua cha kuaga sina.

Kuhusu Meneja, usiwe na wasiwasi, jamaa ana maringo tu, ndiyo maana nikampa cheo. Mwachie redio imewaka, atadhani kuna watu. Mpe lile shati langu la kazi la kijani, alalie harufu yangu. Akizidi, mkaripie kidogo ajue mkubwa ni nani. Atazoea. Kila mtu anazoea, hata mimi huku nimezoea.

Jikaze kisabuni, dada. Nakutegemea.

Mdogo wako,
Mrefu

*

Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia uko salama na una cheo. Mimi si salama. Maji yamenifika shingoni, na ukinijibu kwa utani tena nitaichana barua yako bila kuimaliza.

Nimewasha redio. Niliiacha kwenye kipindi cha mpira. Nesi akaniambia siku ile alijaribu kulala chini ya mbwa anayelia na uwanja mzima unaoshangilia. Nimempa shati. Nilirudi nikakuta amelivuta mpaka mlangoni akalilalia, kola imelowa mate. Hakulichana hata kidogo. Ningefurahi kama angelichana. Na nimemkaripia, mara moja, kama ulivyoshauri. Alijikojolea palepale huku ananitazama usoni. Usinishauri kitu kama hicho tena maishani mwako.

Nikampeleka kazini. Unaijua dobi yetu, pa kugeukia hakuna. Nikamfunga nyuma ya mashine ya kukamulia, na maadamu ananiona alitulia kabisa, mpaka wenzangu wakasema ninamsingizia. Nikaenda mbele kumpa mteja koti lake. Muda wa kumpa mtu koti! Nasikia kishindo, naona chuma cha kutundikia nguo kimeanguka chote, na Meneja anakuja mbio kunitafuta akiwa na gauni la bibi harusi kichwani. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Tajiri wangu hakucheka. Alisema kesho nije peke yangu au nisije kabisa.

Sasa sikiliza lisilochekesha. Juzi nimerudi nimekuta damu kwenye kizingiti. Amechimba mlango mpaka kucha zimeng'oka. Alikuwa amelala hapo na mguu ameunyoosha mbele, anatweta, na aliponiona alijaribu kutikisa mkia, mkia ukashindwa. Na hali chakula. Naweka bakuli, badala ya kusogea anarudi nyuma, anatetemeka, macho yamemtoka. Akitulia kidogo anaenda kulala na mgongo kwenye mlango. Amebaki mbavu.

Daktari wa mifugo alimfunga kidonda vizuri. Halafu akaniambia kwa upole, "Mama, kuna sindano. Haumii. Analala tu." Nilimbeba mbwa mzima mzima, na mguu wangu huu, nikatoka pale nalia barabarani kama mwehu. Watu walinipisha njia.

Nakuuliza swali moja. Wewe ulikuwa unatokaje? Asubuhi za kazi, hatua kwa hatua, ulikuwa unafanyaje? Nijibu kama mtu mzima.

Dada yako

*

Jumamosi, 23 Machi

Dada,

Heshima zako. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya bomba, wenzangu wananiita tukale, nikasema sina njaa.

Nakujibu kama ulivyotaka. Nilikuwa natoka kama mama alivyokuwa anatoka. Unakumbuka? Anaweka sahani, anasema, "Haya kuleni, asiyemaliza nitamwona." Tukiinamisha vichwa, tukiinua, hayupo, mlango wa nyuma umeshafungwa. Na tulikuwa hatulii. Ilikuwa njia nzuri. Basi na mimi nikamfanyia Meneja hivyo hivyo tangu akiwa kitoto, bakuli chini, mimi nje. Na kule kwangu hakuwahi kulia. Au kama alilia sijui, maana unajua nilikaa ukuta kwa ukuta na karakana ya bati, hata ungepiga bunduki nani angesikia.

Dada, kama imekushinda, mpeleke kwa daktari. Nasema kwa moyo mzito. Kuliko wewe ufukuzwe nyumba na kazi. Nimeshamlilia huku, ndani ya bomba, hakuna aliyeniona. Sitakulaumu hata siku moja, na tusiliongelee tena.

Mdogo wako

*

Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Sikusalimu. Nitakusalimu mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Umeshamlilia! Mbwa yuko hai, yuko hapa ananinusa kisigino, wewe umeshamzika na matanga umeanua. Una haraka gani ya kuwamaliza watu?

Na nani kakwambia tulikuwa hatulii? Wewe ulikuwa mdogo, kumbukumbu zako ni za kuazima. Ulikuwa unakimbilia ule mlango wa nyuma na tonge mdomoni, unaugonga kwa viganja, unamwita mama mpaka sauti inakauka. Aliyekuwa anakuondoa pale ni mimi. Nilikuwa nakubeba mgongoni nazunguka nawe meza, na mimi mwenyewe nalia ila kwa kujibana ili usinisikie. Halafu ukaanza kukataa kula. Umesahau? Ukiona sahani tu unaishika sketi ya mama kwa mikono miwili. Mama akadhani una minyoo, akakununulia dawa.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na bakuli mkononi. Nikafika pale pa sahani, nikainua macho, Meneja amejibana kwenye kona analiangalia bakuli. Si mimi, bakuli. Mbwa huyu anakiogopa chakula! Kila akila, mtu anapotea. Na mimi nimekuwa nikimwekea kila siku, kwa mkono wangu, kwa kunyata, namwongezea. Mama alitufanyia sisi, wewe ukamfanyia yeye, nami nikaipokea kazi bila kuuliza. Simlaumu mama. Alikuwa peke yake na kazi haikumsubiri. Lakini sisi tulikuwa na nafasi ya kufikiri.

Basi nimeomba likizo yangu yote. Tajiri alinuna, ila akanipa. Chakula cha Meneja sasa nakiweka saa ambazo siendi popote. Naweka, nakaa sakafuni kando yake, na mimi nakula changu. Mwanzoni alikuwa anatia ulimi, anageuka kunitazama kama bado nipo. Nipo. Anatia tena. Jana amemaliza bakuli, nikaenda kulia bafuni.

Halafu kutoka. Navaa viatu, nachukua mkoba na funguo, nakaa kwenye kochi natazama ukuta. Siendi. Navua. Navaa tena. Mtu akiniona atanipeleka kwa wagonjwa wa akili. Akishachoka kunifuata kwa macho, naenda mlangoni, nafungua, nafunga, narudi. Sasa natoka kabisa. Namwambia akiwa ananiona, "Meneja, naondoka, narudi." Nasimama nje, narudi kabla hajaanza. Hiyo ndiyo kazi yote, kurudi kabla hajaanza, nikichelewa tu naharibu. Alhamisi nilijitia ujasiri nikashuka mpaka barabarani. Nikasikia ile sauti. Ikabidi tuanze upya na viatu.

Na huwezi kuamini nani ananisaidia. Nesi. Nilishuka kumwomba radhi, nikamweleza kila kitu pale mlangoni kwake kwa pumzi moja. Alinisikiliza, akasema wodini wanao watoto wanaoachwa hivyohivyo, mzazi anaponyoka mtoto akichezeshwa, na mtoto wa namna hiyo halali tena akiona koti jeupe. Sasa yeye ni masikio yangu. Mimi nikiwa nje, yeye yuko chini anasikiliza dari. Akisikia kwikwi ya kwanza ananipigia nipande. Analala nusu usingizi kwa ajili ya mbwa asiye wake.

Lakini siku zinakimbia, mdogo wangu. Likizo inaisha, na mwenye nyumba amesema atakuja mwenyewe siku ya mwisho. Meneja bado hawezi kubaki hata muda wa mimi kwenda sokoni. Ile sindano naiona kwenye macho yangu nikiwa nasafisha meno.

Haya, hujambo? Kula chakula.

Dada yako

*

Jumapili, 5 Mei

Dada,

Heshima zako. Ni lori la pili hili linakuja bila barua yako. Mwezi umeisha. Mko wapi? Yuko hai? Nimemwuliza dereva kama barua zinaweza kudondoka njiani, akanijibu barua yako ina thamani gani hata aitupe.

Lile uliloandika la mimi na sketi ya mama, nimelisoma mara nyingi. Silikumbuki. Ila mikono yangu kama inalikumbuka, sijui nisemeje.

Nina habari. Nimepata likizo, wiki moja mwezi wa sita. Nataka kuja. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Tuko hai. Wote wawili. Natumai na wewe. Nisamehe kwa kimya, sikuwa na mikono ya kuandikia. Likizo iliisha, nikawa naenda kazini na roho mkononi, na nesi akawa anapanda kukaa na Meneja, anasinzia kwenye kochi langu na sare yake, ili asibaki peke yake kabla hajaweza. Jioni narudi tunaendelea na mlango.

Siku ya mwisho mwenye nyumba alikuja mchana, kama alivyoahidi. Nikamwomba kitu kimoja tu, akae chini kwa nesi asikilize, mimi nitoke niende dukani kweli, nirudi. Akilia, nitafunga mizigo mwenyewe. Alikubali kwa sababu nesi alimpa kiti na chai, nadhani, si kwa huruma.

Nikavaa viatu. Kamba nilizifunga vibaya, nikafungua, nikafunga tena. Meneja alinitazama. Nikamwambia, "Naondoka, narudi." Nikafunga mlango, nikashuka, nikapita mbele ya mlango wa nesi bila kutazama. Dukani sikununua kitu, nilishika sabuni nikairudisha, nikashika nyingine, mpaka muuzaji akaanza kunifuata. Nilikuwa namwomba Mungu kwa ajili ya mbwa. Mimi! Ambaye nilikuwa navuka barabara nikiona mbwa.

Niliporudi mwenye nyumba alikuwa amesimama ngazini. Akasema, "Alilia kidogo, akanyamaza." Nesi nyuma yake anafuta macho kwa kona ya kitambaa cha mezani. Mwenye nyumba akasema basi, niupake rangi mlango wake, na akisikia malalamiko mengine hataki maneno. Nikapanda, nikafungua. Meneja alikuwa amelala kwenye kochi, nilipomkataza kabisa kulala. Akainua kichwa, akapiga miayo. Nikakaa sakafuni na viatu vyangu nikalia kwa sauti, yeye akashuka kunilamba masikio.

Sasa hilo la kuja. Nasema ukweli, niliposoma nilifurahi, halafu nikaogopa. Meneja amepona kidogo tu, kidonda kimeshika ngozi juu juu. Ukija, atakufurahia mpaka achanganyikiwe, na siku utakayoondoka kwa kunyata ndiyo siku atakayokufa. Sitaweza kuanza tena. Sina likizo nyingine, mwenye nyumba hana subira nyingine, na mimi nimeisha, mdogo wangu. Nimeisha kabisa.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Kama utakuja, njoo. Lakini siku ya kwenda, toka mlangoni, mchana, anakuona. Mwambie unaondoka. Mfanyie mazoezi ya viatu na begi, mimi nitakufundisha. Kama unajijua huwezi, usije. Bora asikuone kabisa.

Nesi anakusalimu, anasema anataka kumwona huyo Mrefu.

Dada yako akupendaye

*

Jumapili, 2 Juni

Dada yangu,

Heshima zako, na za nesi, na za Meneja aliyepanda cheo mpaka kochini.

Nimekuelewa. Nilicheka la sabuni, halafu sikucheka. Nakuja. Nitamuaga Meneja, naapa kwa kaburi la mama. Mchana, mlangoni, ananiona. Mazoezi yote utakayonipa nitafanya, hata ukisema nibweke. Niamini hii mara moja.

Andaa kochi, umwombe mwenyewe anipishe.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 29 Juni

Mdogo wangu,

Natumai umefika salama na lori halikukuacha.

Nianze na unachotaka kujua. Meneja hajambo. Hakulia. Alikaa mlangoni kidogo, akarudi kwenye kochi. Jana nimeenda kazini nikarudi, nesi anasema hakusikia hata kwikwi. Umefanya kazi nzuri.

Wiki yako hapa ilinipendeza sana. Uliupiga msasa mlango ukaupaka rangi, ukakaa sakafuni ukala na mbwa, ukavaa viatu ukavua, ukabeba begi ukazunguka nalo meza, mpaka nesi akakwambia kwa urefu wako huo begi ndilo linalokubeba wewe. Tulicheka. Nilikuwa nikikutazama nasema moyoni, mdogo wangu amekua.

Uliniambia utaondoka Alhamisi mchana. Niliomba ruhusa kazini. Nilipiga pasi ile blauzi yangu ya bluu ili nisimame mlangoni nikiwa kama mtu. Asubuhi ukasema, "Dada, nina hamu na mkate wa moto wa lile duka la kona, nenda kabla haujaisha, nikirudi kambini nitaukumbuka." Nikaenda. Nilipanga foleni nina furaha, nakwambia ukweli, furaha ya kijinga ya kumnunulia mtu mkate. Nilimwambia hata mwanamke wa mbele yangu, ni wa mdogo wangu, anasafiri leo.

Nikarudi, shuka limekunjwa juu ya kochi.

Sikuelewa mara moja. Nilikuita bafuni. Nikafungua mpaka kabati, sijui nilidhani utakuwa kwenye kabati. Halafu nikaelewa, na sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu. Nesi alipanda ngazi mbio, miguu mitupu, anasema, "Ameanza tena?" Akakuta mbwa ametulia, ananitazama. Ni mimi.

Alikaa nami sakafuni akaniambia alichosikia kupitia dari. Ulitoka ukarudi. Ukatoka ukarudi tena. Halafu ukakaa chini, ukamwambia kwa sauti, "Meneja, naondoka. Leo sirudi, na kesho sirudi. Dada yupo. Umenisikia?" Nesi anasema ulilisema mara mbili, na mara ya pili sauti ilikukatika. Kisha ukashuka polepole, kwa viatu, kama tulivyofanya mazoezi.

Uliapa utamuaga Meneja, na umemuaga. Siwezi kusema umevunja kiapo.

Nilikuandikia habari za mlango, za viatu, za bakuli, kurasa kwa kurasa, nikadhani na mimi umenisoma humo. Nilikosea, ningeandika wazi. Basi naandika wazi sasa, umeshaondoka. Nilitaka uniage. Ningelia, ndiyo, ningelia mbele yako na blauzi yangu, ungeniona, halafu ungechukua begi lako ukaenda. Hakuna kingine nilichotaka. Mama sikumwona akitoka hata siku moja. Wewe nimekukosa mara mbili.

Meneja amemaliza bakuli lake, amelala hapa miguuni pangu anakoroma. Mkate uko mezani tangu Alhamisi, kwenye karatasi yake. Nimeukata kipande, nimekishika. Siwezi kukitia mdomoni.

Dada yako